Msitu wa Hadithi na Msitu wa Kweli

Husikika mara kwa mara, penye mazungumzo juu ya ufundishaji wa fasihi, shutuma kwamba hadithi za mambo ya ajabu, yaani zile zenye mazimwi, majini, miti isemayo na wanyama wasiopata kuonekana, huwapotezea vijana wakati. Husemwa kwamba kijana atakaye kuujua msitu yafaa asome elimu ya mimea, ajifunze majina ya miti na matumizi yake, kisha aende akauone msitu kwa macho yake. Hadithi itamjaza vitisho visivyokuwako. Shutuma hii ina uzito wake, wala hatukusudii kuipuuza. Lakini tukiichunguza historia ya hadithi hizo, tangu zile za kale zilizoandikwa juu ya vigae vya udongo hata za karne ya 20, tunaona kwamba misitu iliyobuniwa vizuri imekuwa ikiuliza swali ambalo mtu aendaye msituni na shoka au na kamba ya kupimia aghalabu haulizi: msitu huu ni wa nani?

Katika makala haya tutaeleza jinsi swali hilo lilivyoulizwa katika hadithi nne za nchi mbalimbali, na jinsi linavyotusaidia kuifahamu misitu ya kweli. Tutaeleza pia kwa nini kuna hadithi nyingine za msitu ambazo hazikuwafundisha wasomaji wake kitu, ila upotofu.

Mlinzi wa mierezi

Utenzi wa Gilgamesh ni miongoni mwa tungo ndefu za kale zaidi zinazojulikana duniani. Ulitungwa katika nchi ya Mesopotamia, ambayo leo sehemu yake kubwa ni Iraki, ukaandikwa juu ya vigae vya udongo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ndani yake Gilgamesh, mfalme wa mji wa Uruk, na rafikiye Enkidu wanafunga safari ndefu kwenda kwenye Msitu wa Mierezi ili wakate miti na kujipatia sifa. Msitu huo una mlinzi, jitu la kutisha liitwalo Humbaba, ambaye mungu Enlil amemweka awatishe watu wasiusogelee. Wale wawili wanamwua Humbaba, wanaiangusha mierezi, na kwa mwerezi uliokuwa mrefu kupita yote wanafanya mlango wa hekalu la Enlil mwenyewe.

Kwa muda mrefu sehemu hiyo ilisomwa zaidi kama habari ya ushujaa. Lakini mwaka 2011 jumba la makumbusho la Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraki, lilinunua kigae chenye mistari iliyokuwa haijulikani, na mwaka 2014 wataalamu wawili, Farouk Al-Rawi na Andrew George, waliitoa hadharani. Mistari hiyo inausimulia msitu wenyewe. Ndege wanaitikiana, nyenze wanalia, kima wanapiga kelele juu ya miti, na Humbaba anatumbuizwa na sauti hizo kila siku kama mfalme aliyeketi barazani pake. Kisha, miti ikiisha kuanguka, Enkidu anamwambia mwenzake kwamba wameugeuza msitu kuwa jangwa, naye anafikiri kwa hofu ni jibu gani watakalompa Enlil.

Humbaba amebuniwa, lakini mierezi haikubuniwa. Wafalme wa Mesopotamia na wa Misri waliagiza mierezi kutoka milima ya Lebanoni kwa ajili ya majumba, mahekalu na merikebu, na karne baada ya karne misitu ile ikapungua. Hadrian, mfalme wa Rumi aliyetawala tangu mwaka 117 hadi 138, aliamuru yachongwe maandishi kwenye miamba ya milima hiyo kutangaza kwamba aina nne za miti ni mali yake. Leo mierezi ya Lebanoni imebaki katika vipande vilivyotengana. Kimojawapo, kiitwacho Mierezi ya Mungu, kiliingizwa mwaka 1998 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Tukilinganisha maandishi ya Hadrian na utenzi, tunaona tofauti kubwa. Mfalme alilijibu swali letu kwa neno moja, kwamba miti ni yake, naye aliitaja kwa kuwa aliihitaji. Mtunzi wa utenzi alikuwa amekwisha kuona, zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, kwamba msitu una wenyewe wasioshika shoka wala kalamu: ndege, kima na wadudu ambao sauti zao hukoma siku ileile miti inapoanguka. Maarifa haya ni ya kweli, ingawa yamepitia katika hadithi ya jitu.

Nunda na majina ya wanyama

Pwani yetu nayo ina mfano wake. Katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokitoa Edward Steere mwaka 1870, hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, mna habari ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo anaanza kwa kula kuku, akaendelea na mifugo mikubwa zaidi. Watu wanapomshitaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na hao walioliwa ni wake pia, basi kesi imekwisha. Hatimaye paka anaingia mwituni, anakuwa nunda, anaua watu wa nchi, hata baadhi ya wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani anapokubali kwamba yule si paka tena.

Mwana mdogo anakwenda kumtafuta. Hajapata kumwona nunda, na kila amwuapo mnyama humletea mama yake akimwuliza kwa wimbo kama huyo ndiye. Mama humjibu kwamba siye, akamtajia alama za nunda, umbo lake na masikio yake na mkia wake. Kijana huanza na mbwa, akaja na fungo, akaja na pundamilia, na twiga, na kifaru, na kila mara hurudi mwituni akiwa na ujuzi uliozidi kidogo. Mwisho humkuta nunda amelala chini ya mti, akazilinganisha alama alizofundishwa na mnyama aliye mbele yake, akahakikisha, ndipo akampiga.

Yafaa tuutazame vizuri mpango wa hadithi hii. Nunda hayuko duniani. Lakini ili mtoto anayesikiliza amtambue nunda, sharti kwanza awatambue wanyama walioko, mmoja baada ya mwingine, kwa majina na kwa alama. Mnyama wa kubuni ametumika kuwapanga wanyama wa kweli. Mwalimu wa elimu ya viumbe anapomtaka mwanafunzi aeleze tofauti ya fungo na ngawa, anafanya kazi ileile aliyoifanya mama katika hadithi.

Lugha yetu pia imetunza ujuzi wa namna hiyo. Nyika si pori, na kichaka si msitu. Msimulizi hodari huchagua neno lake. Akisema shujaa alivuka nyika, tunajua kwamba alikosa kivuli na maji. Akisema aliingia msituni, tunajua kwamba mwanga ulipungua na njia ikasonga. Siku hizi vijana wengi wa mijini huita mahali hapo pote pori, na neno likipotea, na kitu chenyewe hupotea machoni. Hadithi za namna hii hulirudisha neno mahali pake.

Mwindaji na wenyeji wa msitu

Tuhamie Afrika Magharibi. Mwaka 1938 mwalimu wa shule mmoja wa Nigeria, D. O. Fagunwa, alitoa kwa lugha ya Kiyoruba kitabu kiitwacho Ogboju Ode Ninu Igbo Irunmale. Kinahesabiwa kuwa miongoni mwa riwaya za kwanza kuandikwa katika lugha ya Kiafrika, na mwaka 1968 Wole Soyinka alikitafsiri kwa Kiingereza. Msimulizi wake ni Akara-ogun, mwindaji mwana wa mwindaji, ambaye anaingia katika Msitu wa Irunmale, makao ya viumbe visivyohesabika. Kuna kinachompiga mieleka, kuna kinachomfanya mtumwa na kumpanda kama farasi, na kuna kinachomfadhili. Kabila hizo zote za viumbe zina desturi zao na mipaka yao.

Fagunwa hakuuzua msitu huo pasipo msingi. Wawindaji wa Kiyoruba walikuwa na chama chao, mashairi yao na miiko yao, na walijulikana kuwa ndio watu waujuao msitu kuliko wengine. Jambo kubwa katika kitabu ni kwamba mwindaji, hata awe na dawa na bunduki, ni mgeni. Anapoingia hukuta watu wa nyumba, na heshima yake au fedheha yake hutegemea jinsi atakavyokaa nao. Wahenga wetu walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msitu wa Irunmale unalifundisha sharti hilo kwa visa: aingiaye kwa kiburi huadhibiwa, na aulizaye njia husaidiwa.

Je, somo hilo lina faida gani nje ya kitabu? Zamani miji mingi ya Wayoruba ilikuwa na msitu mtakatifu kandokando yake. Mingi imetoweka au imepungua mno. Mmoja mashuhuri uliosalia ni ule wa Osun, pembezoni mwa mji wa Osogbo, wenye ukubwa wa hekta 75 hivi, ambao wenyeji huuheshimu kuwa makao ya mungu wa kike wa mto. Serikali ya Nigeria iliutangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 1965, na UNESCO ikauingiza katika orodha yake mwaka 2005. Ni mojawapo ya mabaki machache ya msitu mrefu wa asili kusini mwa Nigeria. Imani ya wenyeji kwamba msitu ule una mwenyewe ndiyo iliyoutunza muda mrefu kabla sheria haijafika, na tangu miaka ya 1950 wachongaji wa mji huo pamoja na Susanne Wenger, msanii aliyezaliwa Austria, walijenga humo masanamu na mahekalu yaliyowakumbusha watu habari hizo wakati watu wengine walipokuwa wakiwinda, wakikata miti na kuuza viwanja.

Umri wa miti

Mfano wa nne ni wa Uingereza. J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa riwaya yake The Lord of the Rings kati ya mwaka 1954 na 1955. Ndani yake mna msitu wa Fangorn, ambamo wanaishi majitu yanayofanana na miti, yaitwayo Ents, ambayo kazi yake ni kuichunga miti kama mchungaji achungavyo kondoo. Mkubwa wao husema polepole mno, na huwaambia wageni kwamba katika lugha yake jina la kitu hukua kila siku kwa kuwa linabeba habari zote za kitu hicho. Jirani yao, mchawi Saruman, huikata miti ili kuwashia matanuri yake ya silaha. Majitu hayo yanakawia kukata shauri, lakini yakiisha kukata shauri huzivunja kuta za mchawi.

Nchi iliyomlea Tolkien ilikuwa imekwisha kupoteza misitu yake kwa kilimo, viwanda na merikebu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, msitu ulifunika kadiri ya sehemu 5 tu kwa 100 za ardhi ya Uingereza, na mbao zikawa haba. Ndiyo sababu mwaka 1919 ikaundwa Tume ya Misitu. Tume hiyo ilipanda miti kwa wingi, na mingi ilikuwa misonobari na jamaa zake kutoka nchi za nje, iliyopangwa kwa mistari ili ikue upesi. Baada ya vita vya pili, hata misitu ya kale ya mialoni ilikatwa mahali pengi ili kupisha miti hiyo. Kwa hesabu ya miti, nchi ilipata faida. Lakini maua, ndege na wadudu waliozoea kivuli cha mialoni hawakuweza kuhamia katika mistari ile.

Hapa riwaya inafundisha jambo ambalo hesabu hulisahau, nalo ni wakati. Msitu ni umri. Majitu ya Fangorn yanasema polepole kwa kuwa mti huishi polepole, na msomaji aliyeyasikiliza atafahamu kwa nini msitu wa miaka 500 haulipwi kwa miche ya mwaka mmoja. Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri. Eneo la misonobari la Sao Hill, wilayani Mufindi, huitwa shamba la miti, nalo ni shamba lenye faida kubwa kwa taifa. Msitu wa Usambara ni msitu. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya maneno hayo mawili amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya elimu ya misitu.

Msitu usio na wenyewe

Tumesema kwamba shutuma dhidi ya hadithi hizi ina uzito, na sasa tuipime. Mwaka 1912 Mmarekani Edgar Rice Burroughs alitoa katika gazeti hadithi ya Tarzan, mtoto wa kabaila wa Kiingereza aliyelelewa na masokwe katika msitu wa Afrika. Burroughs hakuwahi kufika Afrika. Katika toleo lile la kwanza alimweka chui-milia, mnyama wa Asia, katika msitu huo. Wasomaji walilalamika, na kitabu kilipochapwa mwaka 1914 mnyama huyo aligeuzwa simba jike. Hilo lilikuwa kosa dogo lililorekebishwa. Kubwa zaidi halikurekebishwa: katika hadithi ile Waafrika ni kundi la watu wa kutisha au la kuchekesha, na mtu mmoja mgeni ndiye bwana wa msitu. Vizazi vya wasomaji wa Ulaya na Marekani, na watazamaji wa filamu zilizofuata, walijifunza kwamba msitu wa Afrika hauna wenyewe, basi yeyote mwenye nguvu aweza kuuchukua. Ni jibu lilelile la Sultani Majinuni, kwamba paka ni wake na kuku ni wake.

Vilevile hadithi zetu wenyewe zaweza kudhuru. Bundi hufukuzwa na kinyonga huuawa kwa ajili ya visa vinavyowasingizia uchawi au nuksi. Msitu unaosimuliwa kama makao ya maovu tu huwafanya watu wafurahi unapofyekwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila hadithi ya msitu hufundisha. Tunasema kwamba kuna kipimo. Hadithi inayowapa wakazi wa msitu majina yao, masharti yao na umri wao humwongezea msomaji ujuzi. Hadithi inayoufanya msitu kuwa pazia la nyuma tu, ili shujaa aonekane mkubwa, humpunguzia.

Makaya ya Wamijikenda

Mahali ambapo kipimo hiki chaweza kuonekana kwa macho ni pwani ya Kenya, katika misitu ya makaya. Masimulizi ya Wamijikenda husema kwamba wazee wao walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakajenga makaya, yaani miji yenye boma, katikati ya misitu, wakazika humo fingo za kuilinda. Wanahistoria wamebishana sana juu ya Singwaya, wengine wakikubali habari hiyo na wengine wakiona kwamba imechanganyika na mambo ya kubuni. Lakini makaya yenyewe yapo. Mengi yalianza tangu karne ya 16, na ilipofika miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama. Miti ikaota palipokuwa na nyumba. Kwa kuwa makaburi na fingo zilibaki, wazee waliendelea kukataza kukata miti, kuchunga mifugo na kuingia ovyo.

Matokeo yake ni kwamba katika pwani iliyojaa mashamba na majengo, vipande hivi vya msitu vimehifadhi mimea ambayo mahali pengine imekuwa adimu. Hata hivyo masimulizi peke yake hayakutosha. Vijana walipopoteza imani nayo, na thamani ya viwanja karibu na bahari ilipopanda, watu walianza kuingia na mashoka na mikataba. Tangu mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuyatangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na kutambua kazi ya mabaraza ya wazee. Sheria imekuja kuisaidia hadithi. Lakini bila hadithi, sheria isingekuta msitu wa kulinda.

Wajibu wa walimu na wanafunzi

Kutokana na mifano hii, tunaona kwamba msitu wa kubuni na msitu wa kweli si mahasimu. Elimu ya mimea hutueleza mti unavyoishi, na hatuwezi kuikosa. Hadithi hutueleza kwamba tunapoingia msituni tumeingia kwa wenyewe, na elimu hiyo nayo hatuwezi kuikosa. Kijana aliyepata moja tu ya hizo mbili ana upungufu. Mwenye kujua majina ya mbao peke yake ataukata msitu kwa ustadi, na mwenye kujua vitisho peke yake ataukimbia, kisha hatajali ukikatwa na mwingine.

Ni wajibu wetu basi kuzifundisha hadithi hizi kwa namna itakayozaa ujuzi. Shule nyingi za nchi yetu zina msitu au kichaka kisicho mbali, na katika kijiji cha jirani wapo wazee wanaojua habari zake. Wanafunzi na wakusanye habari hizo kabla hazijapotea, kisha waende mahali penyewe na wazipime: ni miti gani inayotajwa, ni wanyama gani, ni miiko gani, na ni ipi kati ya miiko hiyo iliyokuwa ikihifadhi chemchemi au mti wa dawa. Baadaye na wabuni hadithi zao wenyewe juu ya msitu huohuo, kwa sharti moja, kwamba zimwi lao lisiwekwe chini ya mti wasioweza kuutaja jina. Kazi hiyo itawachosha wengine mwanzoni, kama ilivyomchosha yule mwana wa sultani aliyerudi mwituni mara nyingi. Naye hakumpata nunda ila baada ya kuwajua wanyama wengine wote.